Picha ya Basi Ina Mwenyewe

Mabasi ya mikoani yana wapenzi wake, na ni wengi kuliko wanavyodhaniwa. Wamejaa Facebook, WhatsApp na Instagram. Wanaitambua Scania kwa mlio kabla haijachomoza kwenye kona, wanabishania Yutong na Zhongtong kama wengine wanavyobishania Simba na Yanga, na wanakumbuka basi fulani lilikuwa likipiga njia gani kabla halijauzwa na kupakwa rangi nyingine. Kinachoyaweka hai makundi yao ni picha. Siku isiyo na picha mpya kundi linapooza, watu wanabaki kutumiana salamu za asubuhi.

Hakuna anayelipwa kwa picha hizo, na wengi hudhani mjadala wa hakimiliki unaishia hapo: pesa haipo, basi na haki haipo. Mimi naona kinyume chake. Mpigapicha wa gazeti jina lake lisipoandikwa anaumia, lakini mwisho wa mwezi mshahara upo. Kijana aliyeamka alfajiri, akapanda bodaboda kwa hela yake hadi mahali penye mwanga mzuri, malipo yake ni kutajwa jina na kuombwa ruhusa. Ukimnyima hayo mawili, hana kingine alichoambulia.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Chukua kona za Kitonga, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa. Huku ukuta wa mlima, huku bonde, na basi linapanda taratibu likiwa limepangana na malori. Anayetaka picha pale lazima ajue basi lililotoka Dar es Salaam alfajiri hufika mlimani majira gani, na saa hiyo jua linapiga upande upi wa barabara. Lazima apate mahali pa kusimama ambapo hatagongwa. Basi likitokea, linaweza kuwa limezibwa na lori. Likiwa wazi, ana sekunde chache tu. Akiwahi, uso wa basi uko mbali na namba haisomeki. Akichelewa, anaambulia kioo cha nyuma na vumbi. Siku nzima ikampa picha moja anayoweza kuionyesha watu kwa kujivuna.

Jioni anaiweka kwenye kundi na maelezo yake: namba za usajili, aina ya chesisi, nani ametengeneza bodi, njia, tarehe. Kesho yake picha ileile iko kwenye ukurasa mwingine wenye wafuasi wengi zaidi. Imekatwa kidogo chini, pale palipokuwa na jina lake. Maelezo yote yametupwa, badala yake pameandikwa "Mnyama kazini" na vile vialama vya moto. Watu wanampongeza aliyeiweka, naye anajibu "Pamoja sana."

Ukimfuata umuulize, majibu yake ni yaleyale kila kundi, na kila moja linastahili kujibiwa.

La kwanza ni kwamba basi si la mpigapicha. Basi ni la tajiri, barabara ni ya serikali, sasa anadai nini? Hapa watu wanachanganya kitu na picha ya kitu. Mwenye basi anamiliki chuma, matairi na viti. Picha ni kazi nyingine kabisa, imezaliwa na mtu aliyechagua asimame wapi, akate nini na abonyeze lini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imelisema hili vizuri: mtunzi wa picha ni yule anayehusika na mpangilio wake. Haikumtaja mwenye kamera wala mwenye kitu kilichopigwa. Hali hubadilika pale tajiri anapomuagiza mpigapicha kazi. Kwa sheria hiyohiyo ya Kenya, hakimiliki ya kazi ya kuagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Kwa hiyo anayeitwa kupiga mabasi mapya ya kampuni aandikishane nayo mapema. Lakini picha ya Kitonga haikuagizwa na mtu.

La pili ni kwamba picha haikusajiliwa popote. Haikuhitaji. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unasema haki za mtunzi hazitegemei urasimu wa aina yoyote. Kazi ikishatengenezwa, inalindwa. Ukiipeleka kwenye ofisi za hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar au KECOBO kwa Kenya, unapata ushahidi wa kukusaidia siku ya ugomvi; haki yenyewe ulikuwa nayo tangu ulipobonyeza.

La tatu: "Mimi sifanyi biashara." Ni kweli, na inapunguza uzito wa kosa. Haiufuti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 24, inatenganisha ukiukaji wa hakimiliki wa kibiashara na usio wa kibiashara, na wote wawili imeuwekea adhabu. Sipendekezi mtu akamshitaki mwenzake wa kundi kwa picha ya basi. Adhabu zilizomo mle ni nzito mno kwa jambo linaloweza kumalizwa kwa ujumbe mmoja wa inboksi, na ningesikitika kuona vijana wanaburuzana mahakamani kwa sababu ya Yutong. Naitaja sheria ili anayesema kwamba huku mtandaoni hakuna sheria ajue kwamba ipo.

La nne ndilo linalorudiwa zaidi ya yote: akishaiweka mtandaoni, ni ya wote. Kuna kesi mbili ambazo kila msimamizi wa kundi angezijua.

Ya kwanza ni ya Daniel Morel, mpigapicha wa Haiti. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko lilipolipiga jiji la Port-au-Prince, yeye alikuwa pale, akapiga picha, na siku hiyohiyo akazipandisha mtandaoni kupitia Twitter na TwitPic, huduma ya picha iliyotumiwa na watu wa Twitter wakati ule. Mtu mmoja wa Jamhuri ya Dominika akazichukua na kuziweka kwenye ukurasa wake kana kwamba ni zake. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, likazichukua kutoka kwa huyo wa pili, likazisambaza kwa jina la huyo wa pili, na kampuni ya Getty nayo ikaziuza kwa vyombo vya habari. AFP walipobanwa walijitetea kwamba masharti ya Twitter yaliwaruhusu. Mahakama ya New York ilikataa. Masharti yale yalikuwa ruhusa ya Morel kwa mtandao. Hayakuwapa kila apitaye ruhusa ya kuchukua. Novemba 2013 baraza la mahakama likaamua alipwe dola milioni 1.2.

Mimi kinachonigusa zaidi katika kesi hiyo kuliko fedha ni yule mtu wa katikati. Hakuwa shirika kubwa. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye ukurasa, aliyeondoa jina la mwenzake akaweka lake. Wakubwa walipofika, walimkuta yeye. Kila anayekata jina chini ya picha ya basi anajiweka pale pale: akija mwandishi wa gazeti, mtengeneza kalenda au mchapa fulana kutafuta picha, atamfuata yeye, na mwenye kazi atakuja kuiona picha yake kifuani mwa mtu sokoni.

Kesi ya pili ni ya Ujerumani. Mwanafunzi wa shule moja alihitaji picha ya mji wa Córdoba wa Hispania kwa ajili ya kazi ya darasani. Akaikuta kwenye tovuti ya utalii, iko wazi, haina kizuizi. Akaichukua, tena akaandika chini yake jina la tovuti alikoitoa, na shule ikaiweka kwenye tovuti yake. Mpigapicha, Dirk Renckhoff, alikuwa ameiruhusu ile tovuti ya utalii peke yake. Shauri likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 7 Agosti 2018 ikaamuliwa kwamba kuipandisha upya picha kwenye tovuti nyingine ni kuipeleka kwa hadhira mpya, na ruhusa mpya inahitajika. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Dodoma wala wa Nairobi. Ila unajibu lile tunaloliona kila siku kwenye kurasa zetu, "Picha kwa hisani ya mtandao". Mtandao haukusimama Kitonga. Na hata kama jina la kweli limeandikwa, kutaja jina ni jambo moja na kuomba ni jambo la pili.

Pana tofauti inayofaa kueleweka hapa. Ukibonyeza kitufe cha kushea ndani ya Facebook, picha inakwenda na jina la mwenyewe na njia ya kumrudia. Akiifuta, inafutika na kwako. Ukiipakua au kuipiga skrinshoti na kuiweka upya kama yako, umeikata na mwenyewe. Kitendo cha kwanza wapigapicha wengi hukifurahia kwa sababu kinawaletea watu. Malalamiko yote ninayoyasikia yanahusu cha pili.

WhatsApp ina shida yake ya pekee. Kamera na simu huandika ndani ya faili la picha tarehe, saa, aina ya kifaa, na mara nyingi hata mahali. Ukiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inaibana na kutupa karibu taarifa zote hizo. Ukiituma kama hati, faili linafika zima. Ni hatua ndogo mno, lakini katika makundi ninayoyafahamu wanaoifanya wanahesabika. Kwa hiyo picha inayozunguka WhatsApp haina kumbukumbu yoyote ndani yake. Jina na tarehe vilivyoandikwa juu ya picha au kwenye maelezo ndivyo vilivyobaki, na ndivyo vinavyokatwa. Siku hizi hata kukata hakuhitajiki, simu zina programu inayofuta maandishi juu ya picha na kujaza pengo lisionekane. Sheria ya Kenya imekwenda mbali kidogo katika hili: inataja kuwa ni ukiukaji kuondoa au kubadilisha taarifa za kielektroniki zinazoonyesha haki za kazi.

Matokeo yake kila mtu anayaona. Wapigapicha wameanza kuandika majina makubwa katikati ya picha, juu ya kioo cha mbele, mahali ambapo hapafutiki bila kuharibu basi lenyewe. Wengine wanaweka picha ndogo zenye ukungu na kubaki na nzuri kwenye diski nyumbani. Wengine wameacha kabisa kuweka. Anayeiba picha huwa anasema hakuna aliyeumia, lakini kundi zima linaona picha mbaya kwa sababu yake.

Kuna madhara mengine ambayo naona hayazungumzwi vya kutosha, nayo ni ya ajali. Basi likipata ajali, kabla polisi hawajasema lolote, mtandaoni tayari kuna habari na juu yake kuna picha. Mara nyingi ni picha ya zamani ya basi lingine la kampuni hiyo, wakati mwingine la kampuni nyingine lenye rangi zinazofanana, imechukuliwa kwenye ukurasa wa wapenzi wa mabasi, haina jina wala tarehe. Namba zinasomeka. Mama ambaye mwanawe amepanda basi lenye namba hizo asubuhi ile, likiwa zima linaelekea Mbeya, anaiona. Simu ya mtoto haipatikani kwa sababu yuko porini hakuna mtandao. Saa anazozipitia mama huyo hazirudishwi na "samahani, picha haikuhusika". Aliyeichukua angemuomba mwenyewe kwanza, angejibiwa papo hapo: hiyo niliipiga mwaka juzi, na basi hilo halipiti njia hiyo. Anayeomba ruhusa hupata na ukweli wa picha kwa wakati mmoja. Kwenye habari za ajali mimi naona msimamizi hana sababu ya kusubiri malalamiko: picha isiyojulikana mwenyewe iondolewe, na aliyeiweka aelezwe kwa nini.

Kwa picha za zamani suala ni zito zaidi, maana haziwezi kupigwa tena. Stendi ya Ubungo, Dar es Salaam, haipo kama ilivyokuwa. Mabasi yalihamia Mbezi Luis, na kituo kipya kikazinduliwa Februari 2021. Ile misafara ya mabasi yaliyokuwa yakitoka pamoja alfajiri na kufukuzana barabarani mchana kutwa nayo imepungua tangu safari za usiku ziruhusiwe tena mwaka 2023. Anayetaka leo kuandika historia ya usafiri wa nchi hii atahitaji picha za vijana hawa, kwa sababu hakuna ofisi iliyokuwa ikipiga picha mabasi ya Ubungo siku baada ya siku. Atazikuta mtandaoni kwa wingi. Ataona mabasi yamepangana, wapigadebe, wachuuzi wa maji na korosho, na hatajua kama anatazama mwaka 2004 au 2014. Jina la mpigapicha lingekuwepo, angemtafuta amuulize, na huenda angeambiwa pia dereva alikuwa nani na kwa nini basi lile lilikuwa limegeuzwa. Jina likikatwa, maarifa hayo yote yanakatwa nalo.

Kabla sijaendelea, haki ichunguzwe na kwa upande wetu sisi tunaopiga. Nairobi, wapenzi wa nganya, yaani matatu zilizopambwa, hupiga picha magari ambayo yenyewe ni kazi za sanaa: nyuso za wanamuziki, wachezaji na wanasiasa zilizochorwa kwa mikono ya wasanii waliokesha gereji. Kanuni za mwaka 2004 zilitaka matatu ziwe na mstari wa njano na michoro ikabanwa, lakini sanaa hiyo ilirudi kwa nguvu. Sheria inaruhusu mengi kwa kazi ya sanaa iliyo mahali pa wazi. Hata hivyo mpigapicha anayelia kwamba jina lake limekatwa, huku yeye mwenyewe hajawahi kumtaja mchoraji wa gari alilopiga, ana deni. Wachoraji wengi husaini kazi zao pembeni ya gari. Ni kusoma na kuandika.

Watu wa ndege na wadudu wametutangulia katika hili, nami sioni haya kusema tuwaige. Kwenye iNaturalist, ambako wapenzi wa viumbe duniani kote hupandisha walichokiona, kila picha ina jina la mwenyewe na leseni aliyoichagua pembeni yake. Nyingi ya leseni hizo ni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa Desemba 2002: mwenye picha anatangaza mapema kwamba chukueni, tumieni, mtaje jina langu, msifanyie biashara, au biashara pia ruksa, au msiibadilishe. Anayetaka kuwa mkarimu anakuwa mkarimu kwa hiari yake, na anayechukua anajua mipaka bila kuuliza. Mpenzi wa mabasi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa sentensi moja kwenye wasifu wake. Akiandika "Picha zangu ruksa kutumia bila kukata jina, biashara tuongee kwanza", amemaliza nusu ya ugomvi.

Nusu iliyobaki ni ya kuomba, na kuomba kwetu si jambo geni. "Kaka, habari za leo. Nimeiona picha yako ya lile basi pale Kitonga, nimeipenda. Naomba niiweke kwenye ukurasa wetu, jina lako nitaliandika chini na sitaikata. Kama una masharti niambie." Sijui watu wangapi hukataa ujumbe wa namna hiyo, ninaowafahamu hujibu "Weka tu mdogo wangu", na wengine hutuma faili kubwa lenye ubora kuliko lile ulilotaka kuiba. Msimamizi wa kundi naye ana kazi yake, na haihitaji uwakili. Picha ya kuchukuliwa iwe na maelezo matatu: nani ameipiga, lini, na wapi. Isiyo nayo irudishwe kwa aliyeituma akaulize. Mwenye picha akilalamika, ishuke kwanza ndipo mjadala uendelee, kwa sababu picha ikibaki juu wakati watu wanabishana, nakala zinaendelea kuzaliana.

Na akikataa? Ana haki ya kukataa, wala hawajibiki kutoa sababu. Huenda amekwisha kuahidi picha hiyo kwa mtengeneza kalenda. Huenda katika basi lile alikuwemo ndugu yake siku ya ajali. Huenda ukurasa wako haumpendezi tu. Mshukuru, usimseme kwenye kundi, uende stendi ya Mbezi au ya Msamvu, Morogoro, na simu yako ukalipige basi lile wewe mwenyewe. Picha ikitoka na nguzo ya taa katikati ya ubavu, iweke hivyohivyo, na uandike tarehe na jina lako.